Mswaki, Karafuu na Jino Lililozibwa: Kusafisha Tundu si Kushikiza Kizibo

  

Ndugu msomaji, mas-ala tutakayoyazungumza leo yalianza kwa swali nililolijibu vibaya. Kijana mmoja katika wanafunzi wangu wa darasa la baada ya Magharibi alikuwa na gego lililotoboka. Aliniuliza kama kuna ubaya kutia mafuta ya karafuu na maji ya mswaki ndani ya tundu wakati akingojea siku ya kwenda kuzibwa. Nilimwambia kwa haraka: "Dawa za asili zina baraka, tumia tu." Sikumuuliza jino litazibwa kwa kitu gani, wala sikumwambia amweleze daktari. Akatumia kila usiku, hata usiku wa kuamkia siku ya kuzibwa. Kizibo hakikumaliza mwezi, kikadondoka. Daktari alipojua habari ya karafuu alimwambia kwamba huenda hiyo ndiyo sababu.

Hayakuishia hapo. Kabla hajarudi kuzibwa mara ya pili, mtu mwingine akamtia shaka kwamba mwenye jino lililozibwa hatohariki na janaba, kwa kuwa maji hayafiki chini ya kizibo. Akaogopa, akakaa nalo karibu mwaka mzima. Mwisho jino likang'olewa. Kijana wa miaka ishirini na mbili amepoteza gego kwa majibu mawili: langu la haraka, na la yule mwingine lisilokuwa na elimu. Kwa ajili hiyo nilikwenda kuwauliza wenye fani yao, kisha nikarudi kwenye vitabu vyetu. Haya ndiyo niliyoyapata.

SHERIA HUTAZAMA KITU KINAFANYA NINI

Hapana mwanachuoni asiyejua ubora wa kupiga mswaki. Imepokewa kwa Abu Hurayra (r.a.), katika Bukhari na Muslim, kwamba Mtume (s.a.w.) lau si kuhofia kuutia uzito umma wake angeliamrisha mswaki kwa kila Sala. Na Bibi Aisha (r.a.) amepokea kwamba mswaki ni usafi wa kinywa na radhi za Mola. Athari ya Sunna hii imo katika lugha yetu wenyewe: hata ile brashi ya plastiki inayouzwa dukani, Waswahili tunaiita mswaki.

Lakini tazama jinsi mafakihi walivyoielewa Sunna hii. Katika madhehebu ya Imam Shafi, kama alivyoeleza Imam Nawawi, mti ulio bora ni mti wa araki, nao ndio huu mswaki tunaoujua. Hata hivyo, Sunna hupatikana kwa kila kitu kikwaruzacho chenye kuondoa uchafu. Maana yake ni kwamba hukumu imefungamana na kazi inayofanyika, yaani kuondoka kwa uchafu, wala haikufungamana na jina la mti peke yake.

Mfano wa pili ni kisa cha Arfaja bin As'ad (r.a.). Alikatwa pua katika vita vya Kulab, zama za ujahili, akajiwekea pua ya fedha. Ile fedha ikamnukia vibaya, ndipo Mtume (s.a.w.) akamuamrisha aweke ya dhahabu. Kisa hiki wamekipokea Abu Dawud, Tirmidhi na Nasai, na juu yake wanavyuoni wamejengea ruhusa ya kufunga meno kwa dhahabu, ingawa asili ya dhahabu kwa wanaume ni haramu. Zingatia sababu: fedha haikukubaliana na mwili, dhahabu ikakubaliana nao. Mada ilibadilishwa kwa sababu ya namna inavyofanya kazi mwilini.

WATANGULIZI WETU NA MENO MABOVU

Waganga wa Kiislamu walifuata njia hiyo hiyo. Abu Bakr ar-Razi, aliyefariki mwaka 313 Hijria (925), ametajwa kuwa alijaza matundu ya meno kwa mchanganyiko wa shabu na mastaki. Abul-Qasim az-Zahrawi wa Andalus, aliyefariki karibu na mwaka 404 Hijria (1013), katika kitabu chake At-Tasrif chenye sehemu 30, alichora vyuma vya kukwangulia ukoga mgumu wa meno na akaeleza namna ya kufunga meno yanayotikisika kwa uzi wa chuma. Akachagua uzi wa dhahabu badala ya fedha, kwa kuwa fedha huota kutu ya kijani na kuharibika baada ya siku chache, na dhahabu hubaki katika hali yake.

Lakini katika zama hizo hizo watu wengi waliamini kwamba jino hutobolewa na mdudu. Wakafukiza mbegu juu ya makaa, moshi ukaingia kinywani, kisha mganga akaonyesha "wadudu" waliotoka. Al-Jawbari, mwandishi wa karne ya 7 Hijria (karne ya 13), katika kitabu chake cha kufichua siri za matapeli, aliwataja watu wa namna hiyo na hila zao. Mpaka leo kwetu pwani utasikia mtu akisema, "Jino langu limeliwa na mdudu." Ukweli ni kwamba hakuna mdudu. Kuna bakteria wasioonekana kwa macho, wanaokula sukari tunayokula na kutoa asidi, na asidi hiyo ndiyo inayoyeyusha jino kidogo kidogo.

KIZIBO HUSHIKA VIPI?

Hapa ndipo penye ufunguo wa mas-ala yetu. Kwa zaidi ya miaka mia moja meno yalizibwa kwa amalgamu, yaani mchanganyiko wa zebaki na unga wa madini ya fedha na bati. Amalgamu haigandi kwenye jino kwa gundi. Daktari hulichonga tundu liwe pana chini na jembamba juu, kizibo kikakaa humo mfano wa kigingi. Kwa hiyo haikuwa na athari kubwa tundu lilisafishwa kwa kitu gani, muradi limesafishwa.

Mwaka 1955 mtaalamu wa Marekani, Michael Buonocore, alionyesha kwamba ukipaka asidi ya fosforiki juu ya enameli, ambayo ni ganda jeupe la nje la jino, uso wake hupata vijitundu vidogo sana, na plastiki ya majimaji ikiingia humo hushika. Hapo ndipo ulipoanza ufundi wa kuziba kwa mada nyeupe inayogandishwa kwa taa ya buluu. Na kwa kuwa nchi za dunia zilifunga mkataba wa Minamata mwaka 2013 wa kupunguza matumizi ya zebaki, na Umoja wa Ulaya ukaizuia amalgamu kwa matumizi ya kawaida tangu Januari 2025, mada hii nyeupe ndiyo inayozidi kuenea.

Enameli ni nyepesi kuishughulikia, kwani kiasi cha asilimia 96 ya uzito wake ni madini. Taabu iko kwenye dentini, yaani sehemu ya manjano iliyo chini yake. Hii ina karibu asilimia 70 madini, asilimia 20 nyuzi za protini iitwayo kolajeni, na asilimia 10 maji. Asidi ikipakwa, madini ya juu huondoka na nyuzi hubaki wazi kama nyuzi za zulia. Gundi ya daktari hupenya baina ya nyuzi hizo, kisha hugandishwa kwa mwanga. Tabaka hilo lililochanganya nyuzi na gundi lilielezwa na Nobuo Nakabayashi wa Japani mwaka 1982. Humo ndimo uhai wa kizibo ulimo.

Basi fikiria: kila kitu kilichogusa nyuzi hizo kabla ya gundi kina athari. Kitu chaweza kuua bakteria wote na papo hapo kikazuia gundi isigande. Ndiyo maana nikasema katika anwani: kusafisha ni jambo moja, na kushikiza ni jambo jingine.

DAWA ZA ASILI, MOJA BAADA YA MOJA

Kwanza, karafuu. Waarabu huiita qaranful, nasi watu wa Unguja na Pemba hatuhitaji kuelezwa habari zake. Mafuta yake yana dawa iitwayo yujenoli, inayotuliza maumivu na kupunguza bakteria. Madaktari wenyewe huichanganya na unga wa oksidi ya zinki wakafanya kizibo cha muda. Lakini yujenoli ina tabia ya kuzinasa zile chembe zinazoianzisha gundi kuganda. Ikibaki ndani ya tundu, gundi huwa laini, nayo mada nyeupe haishiki sawasawa. Asidi ikipakwa na kuoshwa vizuri huondoa sehemu kubwa ya mabaki yake, lakini daktari atafanya hivyo kwa uangalifu ikiwa amejua kwamba umetumia. Mwanafunzi wangu alinyamaza kwa kuogopa kukaripiwa.

Pili, mswaki. Mti wake una mada zinazopambana na bakteria, na faida yake katika kusafisha meno na ufizi imeshuhudiwa na watafiti wengi. Lakini faida hiyo ni ya nje ya jino, kwa kupiga na kusugua. Maji ya mswaki yamejaribiwa pia ndani ya tundu kabla ya kuziba, na majaribio hayo kwa sehemu kubwa yamefanywa maabara, juu ya meno yaliyokwisha kung'olewa. Matokeo hutofautiana kwa namna maji yalivyotengenezwa, kwa nguvu yake na kwa aina ya gundi. Haijuzu kuichukua fadhila ya Sunna ya kupiga mswaki tukaifanya dalili ya jambo jingine ambalo Sunna haikulitaja.

Tatu, gundi ya nyuki. Wako wanaoitumia kwa hoja ya aya ya 69 ya Surat An-Nahl. Aya hiyo inataja kinywaji kitokacho matumboni mwa nyuki, nacho wafasiri wameeleza kuwa ni asali. Gundi ya nyuki ni utomvu ambao nyuki huukusanya kwenye miti na kuzibia mzinga. Ina nguvu dhidi ya bakteria, hilo ni kweli, ila hutofautiana kwa nchi na miti. Na jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba dawa yake kwa kawaida hutolewa kwa kuiloweka katika spiriti. Basi yule anayeikimbia dawa ya hospitali kwa hofu ya alkoholi, huenda akaikuta alkoholi hiyo hiyo ndani ya chupa iliyoandikwa "asili".

Nne, mbegu za zabibu na majani ya chai ya kijani. Hapa pana jambo la kupendeza kwa mwanafunzi wa fikihi. Sote tumesoma katika mlango wa tohara habari za kudibaghi ngozi: hupakwa vitu vikali kama magome na majani ya miti, ikakaza na isioze. Ngozi ni kolajeni, na dentini nayo ina kolajeni. Mada za mbegu za zabibu na za chai ni katika jamii ya vile vidibaghio. Huzikaza nyuzi na kuzuia vimeng'enya vya jino lenyewe visizile, kwani David Pashley na wenzake walichapisha mwaka 2004 kwamba nyuzi zilizoachwa wazi huliwa na vimeng'enya vilivyomo ndani ya dentini. Kwa hiyo dawa hizi zinatarajiwa kurefusha maisha ya kizibo. Lakini nazo zikizidi ndani ya gundi huizuia isigande vyema, kama karafuu.

Tano, papai. Kimeng'enya cha utomvu wake hulainisha sehemu iliyooza na kuiacha iliyo nzima. Nchini Brazil ilitolewa dawa ya namna hiyo mwaka 2003. Hupakwa, hukwanguliwa, kisha huoshwa kabla ya kuziba.

Wala usidhani kwamba dawa za maabara zote ni salama kwa gundi. Haidrojeni peroksaidi na dawa za klorini huua bakteria kwa nguvu, lakini huacha athari ya oksijeni inayozuia gundi kuganda. Ajabu ni kwamba vitamini C, iliyomo katika matunda, ikitengenezwa kwa kipimo, huirudishia dentini uwezo wake wa kushika. Ama klorheksidini ya asilimia 2 huua bakteria na pia huvizuia vile vimeng'enya, ndiyo maana hutumiwa na wengi. Inatubainikia kwamba jina la "asili" au la "kizungu" haliamui kitu. Kinachoamua ni kazi ya mada hiyo mahali hapo, kama ilivyokuwa kwa fedha na dhahabu katika kisa cha Arfaja (r.a.).

Na asiyepata hospitali kubwa asikate tamaa. Katikati ya miaka ya 1980, hapa kwetu Tanzania, katika mpango wa chuo cha udaktari wa meno cha Dar es Salaam, ulianzishwa utaratibu wa kuziba meno bila umeme. Tundu hukwanguliwa kwa vyuma vya mkono, huoshwa kwa asidi nyepesi na maji, kisha huzibwa kwa saruji ya kioo, ambayo hushika jino yenyewe bila ya taa. Shirika la Afya Duniani liliutangaza utaratibu huo mwaka 1994, na umetumika katika nchi nyingi.

HUKUMU ZINAZOULIZWA

Josho na udhu. Katika madhehebu ya Imam Shafi na Imam Malik, kusukutua ni Sunna katika udhu na katika josho, si faradhi. Hivyo ndani ya kinywa si katika sehemu ambazo ni lazima kuzifikishia maji, na kizibo hakina athari yoyote katika kusihi kwa josho. Kwa Mahanafi kusukutua ni faradhi katika josho, na kwa Mahanbali ni faradhi katika josho na udhu. Hata hivyo, wanavyuoni wa zama hizi katika madhehebu hizo wamefutu kwamba kizibo kilichothibiti kimechukua hukumu ya jino lenyewe: maji yakipita juu yake yatosha, kwani kukiondoa ni uzito na dhara, na uzito katika dini yetu huleta wepesi. Basi hapana madhehebu katika hizi nne inayomlazimisha mtu kuacha jino lake lioze kwa ajili ya janaba. Ila damu ikitoka kinywani baada ya matibabu, aisukutue kabla ya kuswali.

Alkoholi katika gundi. Baadhi ya gundi za meno huyeyushwa kwa ethanoli, nyingine kwa asetoni au maji. Daktari huipuliza kwa hewa mpaka kiyeyushi kikauke, ndipo huwasha taa. Baraza la Fikihi la Rabita ya Makka, katika kikao chake cha 16 mwaka 2002 (1422 Hijria), liliruhusu dawa zenye kiasi kidogo cha alkoholi kilichoyeyuka ndani yake, ambacho utengenezaji unakihitaji na hakina badala, kwa maelekezo ya tabibu muadilifu, na likaruhusu alkoholi kuwa dawa ya nje ya kuulia vijidudu. Mwenye kutaka kujitoa katika khilafu na aulize kama ipo gundi isiyo na ethanoli. Ikiwapo, na isipokuwa dhaifu zaidi, aichague. Isipopatikana, asiache tiba.

Funga. Chuo cha Fikihi cha Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, katika kikao chake cha 10 mjini Jidda mwaka 1997, kiliamua kwamba kuchonga jino, kuling'oa na kusafisha meno hakufunguzi, muradi mtu ajihadhari asimeze kilichofika kooni. Anayehofia kumeza na aende usiku.

Dhamana. Imepokewa katika Abu Dawud hadithi ambayo maana yake ni kuwa mwenye kujifanya tabibu na haujui utabibu, basi yeye ni mwenye dhamana. Wanavyuoni wameijadili kwa urefu katika mlango wa diya. Sisi maimamu tumezoea kuisoma kana kwamba inawahusu waganga wa mitaani tu. Mimi nilipomwambia yule kijana "tumia tu", nilikuwa nimeingia mlango usio wangu.

NASAHA

Kwa maimamu na walimu wa madrasa, nawausia mambo manne. La kwanza, muumini akikuuliza hukumu ya jino lililozibwa, mpe hukumu kwa uwazi asiondoke na shaka, kwani shaka huchelewesha tiba, na tundu halingoji. La pili, akikuuliza dawa, mpeleke kwa mwenye fani, na umuusie amwambie daktari kila alichokitia ndani ya jino: karafuu, gundi ya nyuki, hata tumbaku. Kusema kweli kwa tabibu ni katika uaminifu. La tatu, msitumie majina ya Sunna kumuuzia mtu chupa. Mswaki una nafasi yake tukufu, nayo ni kabla ya Sala, kabla ya kulala na baada ya kuamka. Tukiupa kazi ambayo haikuthibiti, na kazi hiyo ikashindikana, watu watadhani kwamba Sunna ndiyo iliyoshindwa. La nne, wahimizeni watoto kupiga mswaki, na wapunguziwe sukari, kwani jino lisilotoboka halina haja ya kizibo.

Yule kijana bado anasoma kwangu. Mwaka jana gego la upande wa pili lilianza kumuuma. Safari hii alikwenda mapema, akaeleza kila kitu, likasafishwa kwa dawa aliyoichagua daktari na likazibwa. Alipokuja darasani aliniuliza mbele ya wenzake: "Sheikh, josho langu lasihi?" Nikamjibu: "Lasihi, na uulize tena kila unapotia shaka." Kisha nikawaeleza wote yale niliyomkosea mara ya kwanza, ili wasiyarudie kwa watu watakaowauliza wao.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa miongoni mwa wenye kusema "sijui" katika wasiyoyajua, na awape shifaa wagonjwa wetu. Amin.

Wallahu a'lam.